Nimeficha vidonge kwenye kopo la poda

Shikamoo Somo.

Nina miaka 32, nakaa Makorora hapa Tanga, nashona sare za shule na mabuibui kibarazani kwetu. Nimeolewa huu mwaka wa nne. Mume wangu ni fundi wa mashine za boti kule Deep Sea, mtu mpole, hatujawahi kugombana mpaka majirani wakasikia.

Mwaka juzi nikiwa bafuni niligusa kitu kigumu mfano wa punje ya kunde kwenye titi la kushoto. Nilikaa nacho miezi mitatu, maana tulikuwa tunatafuta mtoto na nilijidanganya kwamba ni matiti yanajiandaa. Kumbe saratani. Nikakatwa titi, kisha nikapewa dripu nane, kila baada ya wiki tatu. Nne za mwanzo ndizo zile zenye dawa nyekundu, hata mkojo unatoka mwekundu. Nne za mwisho zilinitia ganzi vidoleni mpaka nikawa namwita mtoto wa jirani anitungie uzi kwenye sindano.

Baada ya dripu ya kwanza niliona siku zangu kama kawaida. Baada ya ya pili yalikuja matone. Baada ya ya tatu sikuona kitu, na mpaka leo sijaona. Sasa ni miezi minane tangu dripu ya mwisho. Vitambaa vyangu nilivifua, nikavikunja, viko sandukuni chini ya kanga za harusi yangu. Usiku joto linanipanda kifuani hadi usoni, naamka shuka limelowa.

Somo, hakuna aliyeniambia. Nilisaini karatasi, nikaambiwa nywele zitakatika, nitatapika, nisikae karibu na watu wenye mafua. Habari ya kuzaa hakuna aliyeitaja, na mimi sikuuliza, nilitaka kupona tu. Nilikuja kuisikia kwenye benchi la wagonjwa, mama mmoja akaniuliza, "Wewe huna mtoto? Pole mwaya, hizi dawa zinaunguza mayai."

Mwezi uliopita nilikwenda mwenyewe maabara nikapimwa homoni. Picha ya karatasi nakutumia: FSH 46, AMH 0.1. Kijana aliyenipa majibu akasema, "Dada, wewe umeshakoma hedhi."

Mama mkwe wangu si mtu mbaya. Wakati wa dripu ndiye aliyekuwa ananishikia beseni. Lakini sasa kila Ijumaa anakuja na chupa ya lita moja na nusu, imejaa maji ya mizizi ya kusafisha kizazi, ananisimamia ninywe bilauri nzima. Na wiki tatu nyuma nilimsikia ukumbini akimwambia mwanawe kwamba Mungu ameruhusu wanne. Mume wangu hakumjibu. Huko kunyamaza kwake ndiko kunakoniua.

Tangu dripu ziishe nimeandikiwa vidonge vya tamoksifeni, kimoja kila siku kwa miaka mitano, kwa kuwa uvimbe wangu ni ule unaokula homoni. Shoga yangu akaniambia hivyo ndivyo vinavyozuia mimba. Nikapiga hesabu: vikiisha nitakuwa na miaka 37. Nimeviacha, leo siku ya 11. Nimevificha kwenye kopo la poda, mume wangu hajui.

Nieleze, mayai yangu yameungua yote? Nikiacha vidonge nitapata mimba? Na kama sitazaa, nimwambie mume wangu aoe kabla hajaniambia yeye?

Fundi wa Makorora

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Naanza na kopo la poda, kwa sababu mengine yote uliyoandika yanaweza kungoja wiki, hili haliwezi kungoja hata hiyo Ijumaa ya mama mkwe.

Leo jioni mtume mtu duka la dawa akuletee kipimo cha mimba. Kesho alfajiri upime kwa mkojo wa kwanza. Najua unashangaa: mtu hajaona siku zake mwaka mzima, apime mimba ya nini? Pima. Yai hupevuka kwanza, damu huja wiki mbili baadaye. Mwanamke ambaye vifuko vyake vya mayai vilikuwa vimelala anaweza kushika mimba kwa lile yai la kwanza kuamka, kabla hajaona hata tone. Nilikuwa mkunga wa mwambao huu miaka mingi, na nimempokea mjamzito wa miezi mitano aliyedhani kwamba tumbo linajaa gesi, kwa kuwa aliambiwa amekoma hedhi.

Ukiona mstari mmoja, kidonge chako kimeze siku hiyo hiyo. Kimoja tu, usimeze viwili kufidia siku zilizopotea. Kuanzia hapo mtumie kondomu, na kipimo ukirudie baada ya wiki tatu, kwa sababu mimba ya siku chache haionekani. Ukiona mistari miwili, usimeze, nenda hospitali asubuhi hiyo hiyo. Na iwe mmoja au miwili, piga simu kliniki yako ya saratani useme, "Niliacha dawa siku 11." Useme hivyo hivyo. Wapo watakaokukemea, uvumilie, maana wasipojua watapanga matibabu yako juu ya uongo.

Shoga yako alikupa nusu ya habari. Tamoksifeni haichomi mayai, na wala si dawa ya kuzuia mimba. Kinachofanya mtu akatazwe kubeba mimba akiwa anaimeza ni kwamba inaweza kumharibu mtoto tumboni. Na haitoki mwilini siku unapoiacha, hubaki wiki nyingi, ndiyo maana anayetaka kubeba mimba huambiwa angoje kama miezi mitatu baada ya kidonge cha mwisho. Sasa tazama ulichofanya kwa hizi siku 11. Ule uvimbe unaokula homoni umeufungulia mlango, na mtoto unayemtafuta, kama angeingia wiki hii, angeikuta dawa bado imo. Nakwambia kwa ukali kwa sababu nimekuogopea.

Sasa mayai.

Msichana huzaliwa na mayai yake yote. Akiwa tumboni mwa mama yake, mimba ya kama miezi mitano, anayo milioni sita hadi saba. Anazaliwa na milioni moja hadi mbili. Akivunja ungo yamebaki kama laki tatu au nne, na hedhi inapokoma yenyewe, kwenye miaka 50 hivi, yamebaki kama elfu moja. Yatakayopevuka na kutoka katika maisha yake yote ni kama 400 tu. Mengine hufa yenyewe kimyakimya, hata kwa mwanamke ambaye hajawahi kuumwa kichwa.

Karibu yote yamelala. Yafikirie kama mbegu alizoziweka mkulima kwenye kibuyu juu ya dari, na kila mwezi baadhi huteremshwa kitaluni zikaota miche. Kila yai limezungukwa na seli ndogo zinazolilea, zinaitwa granulosa. Yai likilala, walezi hao ni wachache na hawazidi. Likiamka, wanaanza kugawanyika, wanakuwa maelfu, na ndio wanaotengeneza estrojeni, ile homoni inayotandika kizazi na kuleta hedhi. Safari ya kutoka kibuyuni hadi yai kupevuka ni ya miezi mingi.

Dawa za dripu zimetengenezwa kuua seli zinazogawanyika upesi. Zinaua saratani, zinaua mizizi ya nywele, zinaua ngozi laini ya mdomo na utumbo. Na zinawaua walezi wa miche iliyo kitaluni. Miche ikifa hakuna estrojeni, na pasipo estrojeni hakuna hedhi. Ndiyo maana damu yako ilikatika mapema hivyo, dripu ya pili matone, ya tatu hakuna. Kukatika kule kulisema kitalu kimekauka. Habari za kibuyu hakukuzisema.

Kibuyu nacho kimeguswa, sikufichi. Ile dawa nyekundu, doksorubisini, ilikuja na mwenzake asiye na rangi, siklofosfamidi, na huyo ndiye mkali zaidi kwa mayai. Hangoji seli igawanyike, anakata nyuzi za DNA ndani ya yai lililolala, na yai likishindwa kuziunga tena nyuzi hizo linajiua. Dawa hizi zinaweza kuharibu hata mishipa midogo ya damu inayolisha kifuko chenyewe. Tena watafiti wameona jambo jingine. Miche iliyo hai hutoa homoni ya AMH, na kazi yake mojawapo ni kuziambia mbegu zilizolala, "Laleni, zamu yenu bado." Miche ikifa kwa mkupuo sauti hiyo inanyamaza, na mbegu zinaamka kwa wingi kabla ya wakati, zinateremka kitaluni zikutane na dripu inayofuata. Ile dawa ya mwisho iliyokutia ganzi, paklitakseli, haina makali hayo kwa mayai.

Hasara inategemea mambo mawili zaidi ya yote: ulipewa kiasi gani cha siklofosfamidi, na ulikuwa na miaka mingapi. Mwanamke wa miaka 44 kibuyu chake kilikuwa karibu na chini tangu zamani, dozi nne zinaweza kukimaliza. Wewe uliingia na miaka 30 au 31. Kwa wanawake wa chini ya miaka 40 waliopata dozi nne kama zako, wengi hedhi huwarudia, zaidi ndani ya mwaka mmoja tangu dripu ya mwisho, wengine mpaka mwaka wa pili. Uko mwezi wa nane. Na tamoksifeni yenyewe inaweza kuichelewesha hedhi au kuivuruga, kama inavyoleta hilo joto la usiku. Kwa hiyo shuka kulowa si ushahidi kwamba umekoma.

Kwa maana hiyo yule kijana wa maabara alikimbilia kusema. FSH hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, na kazi yake ni kupiga hodi kwenye vifuko vya mayai: amkeni, leteni estrojeni. Vikiitika, hodi inakuwa ya taratibu. Visipoitika, inapigwa kwa nguvu zaidi. 46 ni hodi ya mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Ni kweli namba hiyo iko juu. Ikizidi 25 kwa mwanamke wa chini ya miaka 40 asiyeona siku zake miezi minne au zaidi, madaktari huanza kusema vifuko vimechoka mapema. Lakini baada ya dripu hodi hii hupanda na kushuka, na nimeona waliopima 50 wakapima tena baada ya miezi kadhaa ikawa 12. AMH nayo inahesabu miche iliyo kitaluni, haifiki kibuyuni. Kitalu kilichokauka kitatoa 0.1. Kwa umri wako AMH inaweza kupanda tena kidogo mwaka mmoja au miwili baada ya matibabu, ingawa mara nyingi hairudi ilipokuwa. Na hata ikibaki chini, inakuambia mayai ni machache, haikuambii kwamba hakuna litakaloshika.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: yameungua mengi, na kama yameungua yote hakuna karatasi ya mwezi wa nane inayoweza kusema. Rudia vipimo ukitimiza mwaka na nusu tangu dripu ya mwisho, upimwe na daktari wa wanawake aliyeambiwa kwamba unameza tamoksifeni, kwa sababu inavuruga usomaji wa homoni. Hapo Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, kliniki ya wanawake ipo. Beba karatasi zako zote za dripu, zile zenye majina ya dawa na miligramu, maana humo ndimo yalimo majibu ya nusu ya maswali atakayokuuliza.

Kilichoniumiza kuliko yote katika barua yako ni lile benchi. Mwanamke wa miaka 30, hana mtoto, anasaini karatasi ya dawa itakayogusa mayai yake, na habari anaipata kwa mgonjwa mwenzake. Haikupaswa kuwa hivyo. Hukuuliza kwa kuwa hukujua kuna cha kuuliza, kwa hiyo usijilaumu. Kwa wewe hilo limepita, lakini wapo wanaosoma hapa ambao wao au wadogo zao wataanza dripu mwezi ujao, na hawa nawaomba waulize kabla ya dripu ya kwanza, siyo ya pili. Ipo sindano ya goserelini, huchomwa kila siku 28, ya kwanza angalau wiki moja kabla ya dripu, inavilaza vifuko vya mayai wakati dawa zinapita. Utafiti uliotoka mwaka 2015 kwa wanawake wenye saratani ya titi isiyokula homoni ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili vifuko vilikuwa vimekufa kwa asilimia 8 ya waliochomwa, na asilimia 22 ya ambao hawakuchomwa. Si kinga kamili, ila ni kitu. Kutoa mayai na kuyagandisha nako kupo, kunataka kama wiki mbili na pesa nyingi. Kuna hata kugandisha kipande cha kifuko chenyewe na kukirudisha baadaye, na mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Ubelgiji mwaka 2004. Wengi wetu hatutaweza kulipia haya mawili. Lakini mtu aambiwe, achague mwenyewe, hata kama atachagua kuacha.

Nirudi kwako, na kwenye ile hesabu ya miaka 37, maana hiyo ndiyo iliyokutoa kwenye dawa, nayo ina kosa. Si lazima ungoje miaka mitano.

Mwaka 2023 yalitoka majibu ya utafiti wa nchi nyingi uliofuata wanawake 516 wenye saratani ya titi inayokula homoni, ya hatua za mwanzo, wote wa miaka 42 au chini yake, wote wakitaka mtoto. Walitumia dawa za kuzuia homoni, kama hiyo tamoksifeni yako, miezi 18 hadi 30, kisha wakasimama kwa ruhusa ya daktari, wakapewa muda hadi miaka miwili kutafuta mimba, kuzaa, wakitaka wanyonyeshe, halafu warudi kwenye dawa. Karibu robo tatu yao walishika mimba. Na saratani iliwarudia asilimia 8.9 ndani ya miaka mitatu, ilhali kwa wanawake wa kufananishwa nao ambao hawakusimamisha ilikuwa 9.2. Wanaendelea kufuatiliwa, kwa sababu saratani ya aina hii inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi, na hilo usilisahau.

Wewe umemeza miezi kama saba. Ukifika 18 umebakiza 11. Utakuwa na miaka 33, siyo 37. Hukunitajia saratani yako ilikuwa hatua ya ngapi na kama ilifika kwenye tezi za kwapani, na hilo linabadilisha jibu, kwa hiyo mwenye ruhusa ya kusema "simama sasa" ni daktari wako wa saratani, siyo mimi wala shoga yako. Lakini siku ya kliniki usingoje aulize. Mwambie, "Nataka mtoto. Nikitimiza mwaka na nusu wa vidonge, naweza kusimama?" Wanawake wetu wanaingia pale, wanaulizwa "unaendeleaje", wanasema "salama", wanatoka. Nakuomba usiseme salama.

Mimba yenyewe baada ya saratani ya titi haileti saratani upya. Mayai yaliyonusurika na dripu, muda wa kutosha ukipita, hayazai watoto wenye kasoro kuliko wengine. Na titi moja linanyonyesha. Nimeona mapacha wakinyonya titi moja kwa zamu, wa pili akisubiri analia, wa kwanza kakazana.

Siwezi kukuahidi kwamba utazaa. Inawezekana mwaka na nusu ukafika, hodi bado ni ya ngumi na damu haijaja. Hapo kuna mazungumzo mengine. Kutungisha mimba maabara kwa mbegu za mume na yai la mke wake kuliruhusiwa na Al-Azhar tangu mwaka 1980, ila kunataka yai lako mwenyewe lipatikane. Yai la mwanamke mwingine wanazuoni wa Sunni wengi wamelikataa. Mkifika huko, shehe wenu mkamuone wawili. Pia vifuko vikiwa vimekufa kweli katika umri huu, mifupa na moyo vinahitaji uangalizi, na wewe kwa saratani yako hupewi estrojeni ya kujazia. Tembea kila siku, kula dagaa na mifupa yake, kunywa maziwa, tena uwaambie kliniki wakufuatilie.

Kwa sasa mnahitaji kinga isiyo na homoni, yaani kondomu au kitanzi cha shaba. Sindano ya miezi mitatu, vipandikizi na vidonge vya uzazi wa mpango usiviguse. Na kama mnapata ukavu, kama wengi wanavyopata, usitumie mafuta ya nazi pamoja na kondomu, mafuta huulegeza mpira ukapasuka. Ulizia jeli ya maji duka la dawa. Nalisema wazi kwa sababu najua Tanga nzima hakuna nyumba isiyo na chupa ya mafuta ya nazi.

Mizizi ya mama mkwe uiache. Nawaheshimu waganga wa mizizi, nimezaliwa na mwanamke aliyeijua. Lakini kizazi chako hakina uchafu wa kusafishwa. Shida iko kwenye vifuko, na hakuna mzizi unaorudisha yai lililokufa. Kinachonitisha ni kwamba tamoksifeni lazima ipite kwenye ini igeuzwe ndipo ifanye kazi, na hatujui ndani ya chupa ile mna nini kinachopigana nayo, au kama mna kitu kinachofanana na estrojeni, ambacho ndicho chakula cha uvimbe wako. Usimwage kwa kificho. Mwanamke huyu alikushikia beseni. Mkalishe, mwambie, "Mama, daktari amenikataza kuchanganya dawa na dawa mpaka nimalize." Kisha mpe kazi nyingine, maana anachotafuta ni cha kufanya. Mwombe dagaa wabichi wa Ijumaa. Mwombe akukande vidole vilivyokufa ganzi. Ataukubali mkono wako kabla hajakubali maneno yako.

Na habari ya wanne. Mume wako alinyamaza, wewe ukakijaza kimya chake kwa maneno yako mwenyewe. Mtoto wa kiume anayenyamaza mbele ya mama yake pengine amekubali, pengine ameona haya, pengine hajui kama mkewe atazaa au hatazaa kwa kuwa hakuna aliyemwambia kitu, na mkewe mwenyewe anaficha dawa. Usimpe ruhusa ambayo hajaiomba. Ukimpa leo, utakuwa umempa kwa karatasi ya mwezi wa nane iliyosomwa na kijana wa maabara. Siku akiiomba, kama ataiomba, utamjibu ukiwa unajua hali yako.

Usiku huu litoe kopo, uliweke mkekani kati yenu. Mwambie siku 11. Atakasirika, au atalia, au atatoka nje akavute sigara. Msubiri arudi. Kisha mwambie siku ya kliniki mnakwenda pamoja na anaingia chumbani kwa daktari. Nimewaona wanaume wengi wakiwasindikiza wake zao vizuri kabisa hadi getini, wakabaki na bodaboda. Yeye aingie, asikie kwa masikio yake ile miezi 11, na ajue kwamba zamu ya kutafuta mtoto ikifika naye atapimwa mbegu. Katika ndoa zinazokosa mtoto, karibu nusu shida imo pia kwa mwanamume, na mama yake hilo hajaambiwa na mtu.

Vile vitambaa viache hapo hapo sandukuni. Nunua kalenda, uitundike karibu na cherehani. Siku damu ikija, hata doa moja kwenye chupi, andika tarehe na uandike ilikuwa kiasi gani, kisha uipeleke kliniki, kwa sababu kwa anayemeza tamoksifeni kila damu hutazamwa: inaweza kuwa kitalu kimeota, na inaweza kuwa ukuta wa kizazi umenenepa kwa dawa. Isipokuja, tarehe zibaki tupu, nazo wapelekee hivyo hivyo.

Somo